Mrumi na Vyungu vya Kirumi

Jumatatu, 12 Juni

Taisto anaachia uongozi wa kundi letu. Ametangaza mwishoni mwa kikao cha asubuhi, akiwa amekwisha simama na kiti kimesukumwa. "Naondoka Septemba. Pigeni kura Ijumaa ijayo." Maneno sita. Kwa Mfini huyu hiyo ni hotuba.

Tuko kumi na mmoja. Wagombea wawili: mimi, Ottavio Sbardella, na Halszka Kotarba wa Krakow.

Nimepima hali bila hisia, kama inavyompasa mwanasayansi. Upande wa Halszka: ndiye aliyetengeneza vipande vya silikoni vinavyohisi protoni. Kazi ya miaka sita. Upande wangu: mimi ni Mrumi. Vifaa vyetu vinaitwa vyungu vya Kirumi kwa sababu watu wa mji wangu walikuwa wa kwanza kuvitumia, kabla sijazaliwa. Hiyo ni haki ya urithi. Naona tunalingana.

Nikishindwa, mkataba wangu unaisha na narudi Roma kuwafundisha mekanika wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi. Mia tatu ukumbini, wote wanatafuna kitu.

Mpango wa kwanza. Jumatatu ijayo mtambo mkubwa wa chini ya ardhi unatupa siku tatu za mkondo maalumu wa protoni, mwembamba na mtulivu. Tumeungoja miaka minne. Atakayekuwa kwenye meza vyungu vinaposogezwa karibu na mkondo ndiye atakayeonekana ana sura ya kiongozi. Zamu anazipanga Josiane Perrucod, fundi wa mota za kusogezea vyungu, mzaliwa wa huku huku Gex chini ya milima ya Jura. Nimempelekea jibini ya kondoo aliyoileta mama yangu kutoka Roma. Josiane ameinusa, akauliza huyo kondoo alifariki lini. Kisha ameitia mfukoni.

Dalili njema.

Jumanne, 13 Juni

Orodha ya zamu imebandikwa. Meza ya vyungu: Josiane na Halszka. Mimi nimepewa kipimo cha ombwe, yaani kuhakikisha kwamba ndani ya bomba la mkondo hamna hewa. Hamna. Haijawahi kuwamo. Nitakaa saa nane nikitazama kitu ambacho hakipo.

Nimemwendea Josiane kulalamika kwa upole. Alikuwa anakula jibini yangu na mkate. Akasema tamu, Mrumi, tamu kweli, msalimie mama. Lakini zamu ni zamu.

Jumatano, 14 Juni

Wamekuja walimu wa sekondari kutoka Lyon, ishirini na wawili, na Taisto alitaka mtu wa kuwapa maelezo. Nilijitolea kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Kiongozi huonekana mbele ya watu.

Niliwapeleka kwenye ukumbi wa juu, mahali kilipo chungu cha mfano. Nayaandika maneno yangu kwa sababu yalikuwa mazuri. Niliwaambia kwamba protoni mbili zikivaana uso kwa uso zinasambaratika, na kigunduzi kikubwa cha katikati kinapiga picha ya vipande. Hayo anayajua kila mtu. Lakini mara nyingine zinapitana tu na kugusana mabega, kama majirani wawili wasiopatana kwenye ngazi nyembamba. Kila mmoja anayumba kidogo, anaendelea na safari yake mzima mzima. Sisi tunamvizia mbele, mita mia mbili na ishirini ndani ya handaki, kushoto mmoja na kulia mwenzake, kuona ameyumba kiasi gani. Ukishajua wote wawili waliyumba vipi, unajua kilichopita kati yao kwenye ngazi.

Wakatikisa vichwa. Nilikuwa nimewapata!

Mwalimu mwenye miwani ya njano akauliza kama chungu hakiungui kikiingia kwenye mkondo. Nikamjibu kwamba cha Kirumi hakiungui. Kumbe Halszka alikuwa anapita na kikombe chake cha chai. Akasema kwa ile sauti yake ya chini kwamba chungu hakiingii kwenye mkondo. Kinasimama pembeni, milimita moja na nusu, na kikizidi hapo walinzi wa mtambo wanautupa mkondo wote nje kabla hujapepesa jicho, na siku imekwisha. Ndani yake kuna kipande cha silikoni kama stempu ya barua. Akakitoa kimoja mfukoni, cha majaribio.

Wote ishirini na wawili walihamia kwake. Mimi mmoja wao aliniuliza choo kiko wapi.

Alhamisi, 15 Juni

Mpango wa pili. Huu una akili.

Vyungu vikishasogea, ni lazima tujue vimesimama wapi hasa, kwa usahihi wa chini ya unene wa unywele. Bila hivyo hujui kama protoni imeyumba au chungu ndicho kimeyumba. Namba hizo za mahali zinakaa kwenye faili moja katika hifadhi ya kundi. Faili la Halszka. Analilinda kama kuku anayeatamia.

Leo, watu wakiwa kwenye chakula cha mchana, nimelifungua. Vyungu vya kushoto nimevisogeza robo milimita. Kwenye faili tu, si kwenye handaki. Mimi si mhalifu. Ni mtihani wa umakini. Akiwa makini kweli ataona. Asipoona, michoro yake itaenda mrama mbele ya kundi zima, na hapo mimi nitasimama taratibu, nitakohoa, na kusema jamani, hebu tuangalie upande wa kushoto.

Nimefanya mazoezi ya kukohoa. Nilipokuwa nakohoa juu ya gratini ya kantini, viazi vya kuoka kwa maziwa, Josiane akaniuliza kama nimekwamwa na mfupa. Gratini ya viazi haina mfupa. Nikajikausha.

Jumapili, 18 Juni

Nimehesabu kura. Nimewatembelea wenzangu tisa mmoja mmoja tangu Ijumaa na kuzungumza nao kuhusu upeo. Wanne walisema watafikiria. Watatu walikuwa na haraka. Mmoja alijificha nyuma ya mashine ya kahawa, nikaviona viatu vyake. Taisto alisema "Hm."

Hiyo Hm ilikuwa na joto. Nimeihesabu kwangu. Nimepata kura sita, za kutosha.

Jumatatu, 19 Juni

Siku ya mkondo. Chumba cha udhibiti kimejaa. Mimi pembeni na ombwe langu.

Saa nne asubuhi walinzi wa mtambo walitupa ruhusa. Josiane akashika usukani wa mota. Huyu mama anaongea na mota zake kama baba yake alivyokuwa akiongea na ng'ombe: "Haya, mama, hatua moja. Nyingine. Usinisukume. Simama hapo. Simama!" Halszka alikuwa anasoma namba kwa sauti. Milimita tano. Tatu. Mbili. Hakuna aliyekuwa anatafuna. Moja na nusu.

Mkondo haukutupwa. Na kwenye kioo nukta zikaanza kutokea. Moja kushoto, na sekunde hiyo hiyo mwenzake kulia. Kisha jozi nyingine. Kisha kama mvua ya kwanza juu ya vumbi. Zile protoni mbili zilizogusana mabega chini ya ardhi, kila moja imekimbilia kwake, na sisi tumeziona zote mbili.

Halszka aliweka kiganja mdomoni. Josiane alimshika bega. Ni lazima niandike ukweli: mimi nami nilisahau ombwe kwa dakika nne.

Halafu nikakumbuka robo milimita yangu. Nikageuza macho haraka kwenye ombwe.

Jumanne, 20 Juni

Halszka hajalalamika. Michoro yake imenyooka kama rula. Haiwezekani! Ama hajaitumia namba ya kushoto, ama anaficha aibu. Nimemchunguza wakati wa chai. Uso mkavu. Wapolandi.

Lakini hilo sasa ni dogo. Limetokea jambo kubwa.

Nilipitisha data za jana kwenye programu yangu mwenyewe. Kwa kawaida protoni zikigusana mabega tu, hakuna nguvu inayopotea na mchoro wangu unabaki tambarare. Leo pameota mlima! Mlima mrefu, mwembamba, mahali pasipo na kitu chochote katika vitabu. Maelfu ya jozi za protoni zinasema kwamba kila zilipopitana, nguvu ileile ilipotea. Kitu kilizaliwa pale kwenye ngazi, kikatoweka bila kuonekana. Kitu kipya!

Nimefunga mlango. Nimeangalia mara saba. Mlima uko palepale.

Sijamwambia mtu. Ila nimempigia mama. Nikamwambia huenda nimegundua chembe mpya ya ulimwengu. Akauliza bosi ameiona? Nikasema bado. Akasema basi kwanza nile.

Kwa matumizi ya ndani nimeipa jina. Ottaviano.

Jumatano, 21 Juni

Siku ya mwisho ya mkondo. Mimi nilitembea kama mtu mwenye siri, polepole, mikono nyuma. Nimemwomba Taisto dakika ishirini kwenye kikao cha kesho. Akanitazama muda mrefu. Akaandika jina langu.

Mchana Halszka alinijia mezani kantini. Aliuliza kama upande wangu wa kushoto na wa kulia vinakubaliana. Nikafunika kompyuta kwa gazeti. Anapeleleza! Akaniuliza tena, taratibu, "Ottavio, umetumia faili lipi?"

Nikamwambia faili la ushindi.

Akabaki amesimama na trei yake. Akasema kuna jambo alikuwa amewaandikia watu wote, kama nimelisoma. Nikasema mimi nasoma mambo mengi. Akainua mabega akaenda kukaa na Josiane. Waliongea. Josiane aligeuka kuniangalia, juu mpaka chini, kama mtu anayekadiria uzito wa ndama.

Jioni nimepiga pasi shati.

Alhamisi, 22 Juni

Naandika haya kwa utulivu. Mambo yalikwenda hivi.

Saa tatu. Watu wote kumi na mmoja. Nilianza na historia fupi ya mji wa Roma. Taisto akaniomba kwa kidole niiruke historia. Nikauonyesha mlima.

Vichwa vyote viliinuka. Dalili njema, nilidhani. Mmoja wa vijana wetu wa programu alisema "Lo!" Nikazungumza dakika kumi na mbili bila kupumua. Nikasema dunia ya fizikia itagawanyika, kabla ya leo na baada ya leo. Sikutaja jina la chembe. Nilitaka walipendekeze wao.

Taisto akauliza: kigunduzi cha katikati kimeona nini katika matukio haya?

Nikasema hakuna. Hata kidogo. Ndiyo maajabu yenyewe.

Akauliza: hakuna hata moja katika maelfu?

Nikasema chembe hii ina haya.

Mtu akacheka, akajizuia. Ndipo Halszka akanyoosha mkono. Hakusimama. Aliuliza programu yangu inachota wapi namba za vyungu. Nikasema kwenye nakala yangu binafsi, bila shaka. Akaomba nifungue tuone. Nikafungua mbele ya ukuta mzima.

Niliiandika programu ile miaka mitatu iliyopita. Nani anakumbuka alichoandika miaka mitatu iliyopita? Inachota kwenye hifadhi ya kundi. Kwenye faili lilelile.

Halszka akasema, akiwa anatazama meza, kwamba namba za kushoto katika faili hilo zimepotoka robo milimita, na protoni zilizogusana mabega tu zikisomwa kwa kosa hilo zitaonekana zote zimepoteza nguvu sawasawa. Zitajikusanya mahali pamoja. Zitafanya mlima. Kosa aliliona Ijumaa asubuhi, akatengeneza faili jipya na kuliandikia kundi lote barua pepe: msitumie la zamani.

Barua zake zote mimi nimezielekeza moja kwa moja kwenye takataka tangu Machi. Ilikuwa kwa ajili ya utulivu wa akili.

Kijana wa programu akauliza faili liliharibikaje. Halszka akasema mtu mmoja alikosea kidogo, yamekwisha. Angeweza kuishia hapo. Sote tungeishia hapo. Lakini mimi, sijui shetani gani, nilikohoa na kusema jamani, ni vizuri aliyehusika ajulikane.

Halszka alifumba macho.

Josiane hakufumba. Alikuwa na kompyuta mapajani. "Tarehe kumi na tano, saa saba kasoro dakika kumi mchana," akasoma. "Hapa jina limeandikwa lako, Mrumi."

Mlima ulikuwa bado ukutani nyuma yangu, mkubwa, wa rangi nyekundu.

Taisto akasimama. Miaka tisa sijawahi kumsikia akisema zaidi ya sentensi tatu pamoja. Leo alisema tano. Alisema mkondo huu tumeungoja miaka minne. Tumepewa siku tatu. Kama Halszka asingeliangalia faili Ijumaa, siku zote tatu zingekuwa takataka. Watu wa handaki, watu wa mkondo, sisi sote, kazi bure. "Kwa ajili ya nini, Ottavio?"

Nilitoka nikakaa nje kwenye ukingo wa maua. Upande wa pili wa uzio ng'ombe walikuwa wanalishwa. Nilikaa pale mpaka watu wa kantini walipofunga.

Ijumaa, 23 Juni

Kura. Halszka tisa, mimi mbili.

Mbili! Moja ni yangu. Ya pili ya nani? Nilikuwa nimekwisha anza kutoa masanduku kabatini, nikayaacha, nikarudi kazini kuchunguza. Mtu mmoja humu ndani bado ananiamini. Si Taisto, hata Hm hakunipa leo. Si kijana wa programu. Ameuweka mlima wangu kama picha ya kompyuta yake.

Nilimuuliza Josiane kwenye ngazi. Akaniangalia kwa huruma, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kawaida yake. "Halszka hajipigii kura mwenyewe, wewe mtu," akasema. "Kwenye karatasi kulikuwa na majina mawili tu. Sasa piga hesabu."

Nimepiga. Nikaipiga tena.

Saa tisa Halszka aliniita. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya heshima kuhusu Roma na ualimu. Badala yake mdomo wangu ukasema nisamehe, ilikuwa aibu, na ningeweza kukuharibia kazi ya miaka sita. Sijui yalitoka wapi. Akasema amesikia. Akaongeza kwamba usiku wa Alhamisi ya wiki iliyopita hakulala vizuri bila kujua kwa nini, na ndiyo maana Ijumaa alifungua faili mapema.

Kisha akasema mkataba wangu ataomba uongezwe. Nitasimamia mahali pa vyungu. Kwa nini mimi? Kwa sababu, alisema, hakuna mtu aliyewahi kuonyesha waziwazi kiasi kile madhara ya robo milimita. Mchoro wangu utaingia kwenye ripoti, kiambatisho cha pili, kama onyo. Kila namba nitakayoandika itapitia kwa Josiane kwanza. Nianze Jumatatu, saa mbili.

Kwa hiyo sirudi Roma. Mama amelia kwenye simu. Sikuelewa ni kwa furaha au vipi.

Nimeazimia, hapa, kwa maandishi: hila basi. Kuanzia leo ni kazi na ukweli. Nimepiga mstari chini ya sentensi hiyo mara mbili.

Jumatatu, 26 Juni

Saa mbili kamili nilikuwa kazini. Josiane alipitia namba zangu kumi na nne na kunirudishia tatu. Nikashukuru. Mtu mpya kabisa.

Mchana nimepata habari. Chumba cha Taisto kitakuwa wazi Septemba. Chumba cha pembeni, madirisha mawili, moja linatazama Jura na kukiwa kweupe la pili linauona Mont Blanc. Halszka hakitaki, anasema mwanga unamsumbua kwenye kioo. Kwa hiyo kinakwenda kwa mtu aliyekaa kundini muda mrefu kuliko wote. Josiane miaka kumi na moja. Mimi tisa.

Nimelitafakari jambo hili bila hisia. Msimamizi wa mahali pa vyungu anahitaji upeo wa macho, na upeo unahitaji dirisha. Josiane kutwa nzima yuko handakini, atautazama mlima saa ngapi? Hata yeye atafurahi akishazoea.

Nimerejea pia somo la wiki iliyopita, kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu mtu asiyejifunza ni mtu aliyepotea. Kosa langu lilikuwa wapi? Nimelipata. Kompyuta inaandika jina la kila anayegusa kitu.

Orodha ya miaka ya kazi imebandikwa ubaoni karibu na mashine ya kahawa. Ni ya karatasi. Imeandikwa kwa penseli.

Nimenunua kifutio.